Tairi Kwenye Sinia

"Doa hili si la pasi, Mama Sabaha, wala si la kutu. Pangusa kwa kidole uone."

"Nimeshaliona. Sasa unataka nifanyeje, nimfulie mteja wako?"

"Nataka umwambie mumeo azime ule moto."

"Moto ule ndio unaotulisha sisi, na ndio unaokutakatisha wewe. Hebu niambie, gauni hilo umelifua kwa sabuni ya nani?"

"Ya mumeo. Ndiyo maana nashangaa. Nafua kwa sabuni ya mumeo, naanika, mumeo ananimwagia masizi, nakwenda kununua tena sabuni ya mumeo. Biashara hiyo hata shetani hajaiwaza."

Hapo ndipo nilipotua sufuria yangu ya viazi nikatoka barazani. Mnanijua, wenzangu. Ugomvi wa Mtaa wa Mchikichi haukuwahi kunipita nikiwa na miguu yangu miwili mizima, na siku ile sikuwa peke yangu; mtaa wote ulikuwa nje, wengine na watoto mgongoni, wengine na povu la mswaki mdomoni.

Angelina alikuwa amesimama katikati ya njia. Ni fundi cherehani, Mnyamwezi, aliletwa Kariakoo kutoka Tabora na mume aliyefanya kazi reli. Mkononi alishika gauni jeupe la komunyo kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya, na kifuani pa gauni palikuwa na madoa meusi kama mbegu za papai. Mbele yake, mikono kiunoni, alikuwa Waridi, Mmwera wa Lindi, mke wa Mzee Kitwana mwenye kiwanda cha sabuni.

"Kwanza moshi uko Dar es Salaam nzima," Waridi akaendelea. "Nenda Posta ukagombane na mabasi ya UDA."

"Mabasi ya UDA hayapiti uani kwangu. Na yangepita ningeshukuru, maana hata kituoni hayapiti."

Watu wakacheka. Waridi mwenyewe alitaka kucheka. Lakini kabla mdomo haujafunguka, dirishani mwa nyumba yake kikasikika kikohozi kidogo, kikavu, kikafuatiwa na kingine, halafu pumzi ya kitoto inayopiga filimbi kifuani. Angelina akashusha gauni.

"Mama Sabaha," akasema kwa sauti nyingine kabisa, "mtoto ana kifua yule."

"Ana mafua," Waridi akajibu, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kwa mliokuwa wadogo, niwakumbushe. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Uganda, tulipokuwa tunapanga foleni kwanza na kuuliza baadaye foleni ni ya nini. Sabuni ilikuwa haionekani. Duka la kaya likiletewa katoni mbili, zinakwisha kabla mwenye duka hajamaliza kufungua mlango. Watu walifulia majani ya mpapai. Bibi harusi mmoja wa mtaa wa pili, jina silitaji, aliletewa mche wa sabuni kama zawadi na akaulilia kwa furaha kuliko kitanda.

Katika shida hiyo Mzee Kitwana aliona njia, na kwa hilo tumsifu. Ni Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa kazi, si mlanguzi. Alianza na pipa moja uani, akikoroga mafuta ya nazi na kostiki, yale magadi makali ya sabuni, kwa mti mrefu, jasho linamtiririka. Mwaka haukuisha akawa na mapipa manne, wafanyakazi, msimamizi wao aitwaye Rajabu, na kibao ukutani: Kampuni ya Sabuni Nyota Tatu.

Tatizo lilikuja kwa kuni. Petroli ilipokuwa adimu, malori ya kuni kutoka Pugu yakakatika. Kitwana akageukia magereji ya Gerezani, ambako tairi chakavu na oili chafu hutolewa bure, na mwenye gereji anakushukuru kwa kumwondolea. Tairi likishika moto halina mchezo. Sabuni iliyokuwa inaiva jioni ikawa inaiva adhuhuri. Na moshi wake, jamani, ulikuwa mweusi wa kushikika. Ulipanda mpaka usawa wa mapaa, ukachoka, ukashuka juu ya kamba za nguo, juu ya mapipa ya maji, juu ya unga uliotandazwa kwenye mkeka. Na maji yaliyobaki chini ya sabuni, yale makali yenye kostiki, yalimwagwa kwenye mtaro unaopita mbele ya milango yetu kwenda bonde la Msimbazi, kwenye bustani za mchicha. Watoto waliochezea mtaro walibambuka ngozi za nyayo.

Sasa mtaniuliza, mtaa mzima ulikuwa umelala? Haukulala. Ulikuwa unakoga. Kila Ijumaa kabla ya sala, Rajabu alipita nyumba hadi nyumba na kikapu, akiacha mche mmoja kila mlango. Nani angefungua mdomo, Ijumaa ijayo arukwe? Watu waligombana wao kwa wao. Huyu alimwambia yule kwamba jiko lake la mkaa ndilo linalomchafulia nguo, yule akasema ni taa yako ya kibatari. Wote walijua moshi unatoka wapi, na wote walikuwa na mche wa Ijumaa kwenye kisahani.

Turudi kwenye mtoto, maana hapo ndipo palipouma.

Sabaha, binti pekee wa Kitwana na Waridi, aliolewa Magomeni na kijana mpole anayeitwa Uwesu. Alipopata mimba ya kwanza alirudi kwa mama yake kuzalia na kulelewa arobaini, kama ilivyo desturi yetu. Kwa mama mzazi hakuna kazi kubwa kuliko hiyo: umkande mwanao kwa maji ya moto, umpe uji wa pilipili manga, mjukuu umshike wewe kwanza. Ikitokea binti akaondolewa kabla ya arobaini kwa sababu nyumba ya mama yake haimfai, huyo mama hata kwenye ngoma hakai mstari wa mbele tena.

Sabaha akapewa chumba cha nyuma, kikubwa na kizuri, dirisha linatazama kiwanda. Moshi ukaingia. Waridi akaziba dirisha kwa matambara, lakini harufu ya tairi haikubali tambara. Basi akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akaleta chetezo, akaweka makaa, akatia ubani na udi, akamfukiza mzazi na mtoto ili harufu mbaya ishindwe na harufu nzuri. Mtoto akakohoa zaidi. Majirani wakasema huenda ni jicho la mtu. Akaongeza ubani. Kwa hiyo yule mtoto nje alikuwa na tairi na ndani alikuwa na ubani, na katikati hakubakiwa na hewa ya kuvuta.

Asubuhi moja midomo yake ikawa na rangi isiyopendeza. Waridi na Sabaha wakakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, mbio mbio, wakampeleka kliniki. Nesi alimpokea, akamsikiliza kifua, halafu akainama akanusa khanga ya Sabaha.

"Kwenu mnapika nini, mama?"

"Sabuni," Waridi akasema.

"Sabuni ina harufu hii?"

Waridi akamfunika mtoto vizuri.

"Dawa nitampa," nesi akasema. "Lakini mtoto mdogo hivi pafu lake ni kama puto jipya. Mkimrudisha kwenye moshi, mtanirudishia hali hii, na pengine mtachelewa. Na ubani pia acheni. Kwake yeye ubani ni moshi."

Jioni Waridi alimweleza mumewe. Nyumba zetu mnazijua, kuta zake hazifiki juu, kwa hiyo aliyetaka kusikia alisikia.

"Nesi huyo mwenyewe anakogea nini?" Kitwana akauliza.

"Baba Sabaha, mtoto anapiga filimbi."

"Na watoto wa wafanyakazi wangu wakikosa chakula watapiga nini? Nikizima moto leo, kina Rajabu watakula wapi kesho? Mji mzima unategemea sabuni hii. Mtoto atakua, kifua kitapona. Mhamishie chumba cha mbele."

Akamhamishia chumba cha mbele. Moshi nao ukahama.

Akika ilisogezwa mbele kwa ajili ya ugonjwa, hatimaye ikafanyika. Mtoto akaitwa Awadhi. Mbuzi alichinjwa, wali ukapatikana sijui kwa njia gani na sikuuliza, na wageni wa Magomeni wakaja wakiongozwa na Bi Tatu, mama yake Uwesu, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti. Alimshika mjukuu wake, akamwekea sikio kifuani, akasikiliza muda mrefu. Kisha akamvuta Waridi pembeni, na mimi nilikuwa pembeni hiyo hiyo nikipanga vikombe.

"Waridi, ndugu yangu, sitaki kukuvunjia heshima mbele ya watu. Mwezi huu ukiisha na mwingine ukaandama, mtoto bado yu hivi, nawachukua wote wawili. Utanisamehe."

Waridi aliitikia kwa kichwa. Akavichukua vikombe mikononi mwangu, akaanza kuvipanga yeye.

Hapo ndipo Angelina alipoingia.

Lazima niseme neno juu ya utani, kwa vijana wanaodhani utani ni mzaha tu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokutana kwenye njia ya misafara. Mtani wako anaweza kukuambia lolote, kukutukana kwenye shughuli yako, kukamata kitu chako mpaka ukikomboe. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na aliyeshindwa anatozwa faini anayoitaja mtani mbele ya wazee. Waridi ni Mmwera, kwa hiyo Angelina akigombana naye ni ugomvi kweli. Lakini Kitwana ni Mzaramo.

Angelina aliingia akipiga vigelegele, kichwani amebeba sinia lililofunikwa kawa jipya. Akalipeleka moja kwa moja walipokaa wanaume, akapiga magoti kwa adabu kubwa, akalitua mbele ya Kitwana.

"Karibu, mtani. Mwenye shughuli ndiye huonja kwanza."

Kitwana akafunua. Kwenye sinia palikuwa na tairi lililokatwa vipande vidogo vizuri, vya ukubwa wa nyama ya mchuzi, vimepambwa kwa vitunguu vya duara. Pembeni bakuli la maji ya mtaro, na ndani yake kipande cha limau kinaelea.

Watu waliangua kicheko. Kitwana naye akacheka, akasema, "Wanyamwezi mmeniletea chakula chenu?"

"Si chetu, mtani. Ni cha mjukuu wako. Anakila tangu azaliwe, kaanza nacho kabla hajajua ziwa la mama yake. Nikasema si vizuri, siku ya akika yake, mtoto ale peke yake na babu yupo."

Kicheko kikakatika. Bi Tatu, kule alikokaa na wanawake, akasema taratibu, "Hapo hakuna uongo."

Nadhani ni maneno hayo ya mkwe yaliyomchoma. Kitwana aliinuka, akalipiga sinia teke. Vipande vya tairi vikaruka, maji ya mtaro yakamwagikia kanzu yake.

"Toka nyumbani kwangu," akasema.

 Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Isidori, Mmakua wa Masasi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akajikohoza.

"Ndugu Kitwana, umekasirika."

"Sijakasirika."

"Umekasirika, mzee mwenzangu. Sinia limefika mlangoni."

Watu wakacheka tena, kwa uoga kidogo. Kitwana alitazama kanzu yake, akatazama sinia, akakaa. Mzaramo hawezi kuivunja sheria ya utani siku ya akika ya mjukuu wake.

"Haya," akasema. "Taja. Mbuzi? Doti ya khanga?"

"Mbuzi tumeshamla," Angelina akasema, na sasa hakuwa anachezacheza. "Faini yangu ni hii. Tairi lisiungue hapa mpaka arobaini ya Awadhi. Wala oili chafu. Na yale maji yako makali yasiguse mtaro. Ukishindwa, useme mbele ya wazee hawa kwamba Mzaramo ameshindwa na fundi cherehani."

"Na kampuni yangu?"

"Kampuni ni yako, mtani. Mimi nimetoza faini tu."

Msidhani Kitwana aliamka asubuhi ameongoka. Aliamka na hasira, tena ya ubishi tu: hakutaka Mnyamwezi amcheke. Lakini hasira ya mtu wa kazi nayo ina faida. Alizima moto, akawaita wafanyakazi uani, akawaambia, "Mpaka niseme mimi, hapa hakuna tairi. Tutafute moto mwingine. Anayetaka kulia alie sasa, tukianza asinisumbue."

Rajabu akashauri magogo ya mikoko kutoka Kunduchi. Angelina alikuwa ukutani anasikiliza, akapaza sauti: "Sikukutoza faini wewe ukamlipishe mtu wa Kunduchi. Mkimaliza mikoko yao bahari itaingia jikoni mwao." Mzee Isidori akaafiki. Wakajaribu maranda kutoka kwa maseremala. Yakatoa moshi wa kijivu uliokaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Waridi ndiye aliyesema, wakati anamkanda Sabaha kwa maji ya moto, bila hata kugeuka: "Mkaa ukiniishia mimi nachochea vifuu vya nazi. Moto wake mkali, na machozi hayanitoki."

Vifuu vya nazi. Nyuma ya soko la Kariakoo vilikuwa vinalundikana mpaka vinafunga njia. Kitwana alikwenda mwenyewe na mkokoteni, amevaa singlendi, anaomba takataka. Wauza nazi walimchekea lakini walimjazia. Siku ya kwanza alileta vifuu pamoja na makumbi mabichi, akawasha vyote. Moshi mweupe ukafunika mtaa. Angelina alipita amejifunika shuka hadi machoni, anapapasa ukuta kama kipofu, anauliza, "Jamani, hapa ni Kariakoo au nimeshafika mbinguni?"

Kitwana akauzima moto. Aliketi chini na wafanyakazi wake wakatenganisha, vifuu huku, makumbi kule, wakaanika vifuu juu ya mabati mpaka vikagongana kwa sauti ya kukauka. Moto ukawa safi. Lakini vifuu viliisha upesi, kwa sababu mapipa yalikaa juu ya mawe na moto mwingi ulikuwa unapasha upepo. Wakajenga ukuta wa matofali na udongo kuzunguka mapipa, mdomo mdogo wa kuchochea, dohani ya madebe juu kupita paa, mfuniko kila pipa. Ukuta wa kwanza ulipasuka. Wakaubomoa, wakachanganya udongo upya, wakajenga tena. Mkokoteni wa vifuu uliokuwa unaivisha pipa moja ukawa unaivisha mawili.

Na yale maji makali? Waliyakinga kwenye pipa lenye mfuniko, wakaanzia nayo mpiko uliofuata. Hapo Kitwana akagundua kitu kilichomfanya akae chini. Kostiki, ambayo ilitoka ng'ambo na ilikuwa ngumu kupatikana kuliko sabuni yenyewe, sasa ilimtosha mara mbili ya zamani. Miaka yote alikuwa akiimwaga mtaroni. Majivu ya vifuu wakayachukua wenye bustani za Msimbazi, wakayatia kwenye mchicha.

Msifikiri mtaa ulimpigia makofi. Sabuni ilipungua kwanza, na Ijumaa ile Rajabu hakupita na kikapu. Mtaa mzima ukanuna. Jirani mmoja, mwanamke mnene wa nyumba ya kona, alisema kwa sauti, "Bora masizi na sabuni, kuliko hewa safi na mimi nanuka."

Kitwana alimsikia. Alikuwa juu ya ukuta anapaka udongo. "Mama," akamwambia, "ile haikuwa sabuni ya kufulia. Ilikuwa ya kuwafunga midomo. Sasa sitoi, semeni."

Walisema. Walisema kwa juma zima. Yeye akaendelea kupaka udongo.

Halafu likaja jaribu lenyewe. Shirika moja la umma la ugawaji lilimpa oda kubwa ya sabuni za mashule. Muda ulikuwa mfupi na vifuu vilivyokauka havikutosha. Angelina alikuwa ameitwa Tabora kwenye msiba. Mwezi ulikuwa ukingoni kabisa. Rajabu, bila kuambiwa, akapita magereji ya Gerezani, na mchana lori likasimama kwenye lango la uani limejaa tairi.

"Mzee," Rajabu akamwambia kwa sauti ya chini, "mtani wako yuko mbali. Mchana mmoja tu, tunaivisha oda, tunarudi kwenye vifuu. Nani atajua?"

Kitwana alikuwa ameshaushika mlango wa lori. Uani, kwenye mkeka, Sabaha alikuwa amekaa na Awadhi juani, dirisha la chumba cha nyuma liko wazi kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Kitwana aliwatazama. Akauacha mlango, akaenda, akapiga magoti kwenye mkeka na kuweka sikio kifuani mwa mjukuu wake. Filimbi ilikuwa imepungua, lakini haijaondoka. 

Akarudi kwa dereva. "Geuza."

"Nizipeleke wapi sasa?"

"Zirudishe ulikozitoa. Hapa hazishuki."

"Mzee, oda," Rajabu akasema.

"Oda nitaijibia mimi. Unaniuliza nani atajua. Yule pale kwenye mkeka atajua, kwa sababu ndiye atakayevuta."

Akavaa shati, akaenda Posta kwa miguu mpaka ofisi za shirika. Akamwambia afisa kwamba ataleta nusu kwa wakati na nusu mwezi unaofuata, na kama hawataki, wavunje oda. Afisa alinuna, akapekua mafaili, akakuna kichwa. Mwisho akasema, "Ndugu Kitwana, wengine wote waliniahidi oda nzima na sijaona hata mche. Lete hiyo nusu."

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake teksi ikasimama mtaani, akashuka Bi Tatu na Uwesu. Waridi alikuwa ameshafunga nguo za mtoto kwenye kifurushi, maana neno la mkwe ni neno. Kitwana alisimama ukumbini, akaitikia shikamoo ya Uwesu macho yakiwa kwenye kifurushi.

Bi Tatu hakukaa. Alimchukua Awadhi, akamwekea sikio kifuani. Akahamisha sikio upande wa pili. Akaingia naye chumba cha nyuma, tukamwona dirishani ananusa pazia. Akatoka, akasimama uani akatazama dohani, ambayo ilikuwa inatoa joto linalocheza hewani na uzi mwembamba wa moshi.

"Uwesu," akasema, "mwambie dereva aende."

"Na mizigo, mama?"

"Mwambie aende. Waridi, mlee mwanao umalize. Nitakuja siku ya arobaini, na nitakuja na njaa."

Waridi akakaa palepale kizingitini, akaanza kukifungua kile kifurushi. Sabaha akamwekea mtoto mapajani.

Arobaini ilipofika, faini nayo iliisha. Angelina, aliyekuwa amerudi kutoka Tabora, alimuuliza mtani wake mbele ya watu kama kesho tairi zinarudi. Kitwana akamwambia, "Faini yako nimeimaliza. Jiko hili ni langu, na wewe usije ukasema ulinijengea." Ndivyo Wazaramo wanavyoshukuru.

FUNDISHO

Niliwaambia haya waliokuwa barazani siku ile ya arobaini, nanyi nawaambia.

Kampuni ikichafua hewa na maji, uchafu hauendi kwa watu wasiojulikana. Una anwani. Utaingia kwa jirani, kwa mwenye bustani ya mchicha, na utalala chumba kimoja na mjukuu wa mwenye kampuni. Mwenye kampuni asingoje mpaka ausikie kwenye kifua cha mtoto. Atazame kwanza anachochoma na anachomwaga, maana mara nyingi kile anachomwaga amekinunua kwa shida, na kile anachokitafuta kwa malori kimerundikana nyuma ya soko. Azibe joto lisitoroke, atumie maji yake mara ya pili, na asihamishie uchafu wake kwa watu wa pwani nyingine halafu aseme ameacha. Kazi hiyo ni ngumu mwanzoni na itampunguzia mazao. Avumilie. Ukuta wa kwanza ukipasuka, ajenge wa pili.

Na sisi majirani tusiuze midomo yetu kwa zawadi ya Ijumaa. Anayekupa sabuni ili usiseme kuhusu masizi, amekupa masizi. Tumwambie mwenzetu ukweli kwa njia ambayo desturi zetu zimetupa, awe ni mtani, balozi au mkwe. Tuseme mapema, kabla mtoto hajakohoa.

Nilikuwa bado naendelea, maana mkinipa baraza sinyamazi, mara mtaani akatokea mtu tusiyemjua, mwembamba, mwenye mvi, kashika tepu ya kupimia. Akasema anaitwa Harilal, ana karakana Gerezani ya kuyeyusha sufuria kuukuu, anatumia oili chafu, na kina mama wa mtaa wake wamechoka na moshi. Alisikia habari za jiko. Alitaka apime ukuta na dohani tu, kisha aondoke. Hakujua kuna shughuli, akawa anarudi nyuma kwa haya alipoona masinia yanapita.

Kitwana alimshika mkono.

"Jiko halikimbii, Bwana Harilal, utalipima mpaka uchoke. Kama huli nyama, iko kwenye sinia la kule mbali; huku kuna wali, kunde na mchicha wa nazi, Mama Sabaha kavipika kwa sufuria isiyogusa nyama. Maji ya kunawa hayo hapo. Pita ndani, ule kwanza."